Taa Mbili za Usiku



Kijana mwenzangu, kama umewahi kulala Mbamba Bay usiku usio na mwezi, umeziona zile taa nyingi ziwani. Mgeni anaweza kudhani ni mji. Kumbe ni wavuvi wa usipa. Usipa hufuata mwanga: wanajaa penye taa, wavu unainuliwa, na asubuhi wanaanikwa juani.

Sasa twende baharini. Kisiwani Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, upo mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Nao huwaka usiku, ila kazi yake ni nyingine kabisa. Pale kuna miamba ya matumbawe ambayo nahodha haioni gizani. Mnara haumwiti aje. Unamjulisha hatari iko wapi, naye anageuza usukani mwenyewe. Tena minara hutofautishwa kwa namna inavyowaka na kuzima, hivyo nahodha aliyejifunza hauchanganyi na taa nyingine za pwani.

Taa zote mbili zinang'aa. Moja inakuvuta ikukamate. Nyingine inakuonya na kukuacha huru.

Ndugu yangu, simu yako usiku imejaa taa za usipa. Mkeka wa kubeti unakuahidi mtaji, kesho hela ya ada imekwisha. Mtu anakuambia anakupenda, lakini hataki uulize maswali, wala nyumbani wajue. Ukiona mwanga unaokuharakisha na kukukataza kufikiri, ujue wavu uko chini yake.

Dhamiri ndiyo mnara wako. Mungu hakushikii usukani kwa nguvu. Anakuonyesha mwamba, anakungoja uamue. Ila mnara usiotunzwa huzima. Ndiyo maana Kanisa linafundisha kwamba kuilea dhamiri ni kazi ya maisha yote (KKK 1784). Soma Injili kila siku, nenda kitubio, zungumza na mtu mzima unayemwamini. Jifunze taa hiyo mchana, usiku utaitambua.

Na tukumbuke, Yesu ametuita sisi wenyewe kuwa nuru (Mt 5:14-16).

Tafakari: Ni mwanga gani unaonivuta sasa, nao unaniacha huru? Na mimi kwa rafiki zangu ni taa ya wavu au ya mnara?

Tusali: Ee Bwana, tuangazie tuuone mwamba kabla hatujaugonga. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.