Utumbo Mpana Unapokosa Damu ya Kutosha

Utumbo mpana, sehemu ya mwisho ya njia ya chakula ambako maji hufyonzwa na kinyesi huhifadhiwa, hulishwa hasa na ateri mbili zinazochipuka kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Moja hulisha upande wa kulia na sehemu kubwa ya katikati, na nyingine upande wa kushoto. Pale mgao wa ateri moja unapokoma na wa nyingine kuanza, hasa kwenye kona iliyo karibu na wengu na mahali utumbo unapokaribia puru, mishipa huwa michache na myembamba, hivyo sehemu hizo hufanana na mashamba ya mwisho wa mfereji, ambayo hukauka kwanza maji yanapopungua.

Upungufu huo wa damu huitwa iskemia. Mwaka 1966 daktari Adrian Marston na wenzake wa Uingereza waliueleza ugonjwa huu kwa sura tatu ambazo zingali na maana hadi leo: unaopona bila kuacha athari, unaoacha kovu linalobana njia, na unaoua ukuta wa utumbo.

Wengi hudhani kwamba lazima pawe na damu iliyoganda na kuziba mshipa. Hilo hutokea, hasa kwa mtu ambaye mapigo ya moyo wake hayana mpangilio, lakini mara nyingi hakuna mshipa mkubwa uliozibwa: shinikizo la damu hushuka kwa sababu ya kupungukiwa maji mwilini, moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, maambukizi makali au upasuaji mkubwa, nao mwili huelekeza damu kidogo iliyopo kwenye ubongo na moyo, ukaunyima utumbo. Walio hatarini zaidi ni watu waliovuka umri wa miaka 60, pamoja na wenye kisukari, shinikizo la juu la damu au magonjwa ya moyo, na wavutaji sigara. Kijana naye hajakingwa kabisa, kwa kuwa kokeini, baadhi ya dawa za kuzibua pua na mbio za masafa marefu zinaweza kuibana mishipa au kupunguza damu inayofika tumboni.

Dalili ya kawaida ni maumivu ya ghafla ya kusokota, mara nyingi upande wa kushoto, yanayoambatana na haja ya haraka ya kwenda chooni, kisha, kwa kawaida ndani ya saa 24, choo chenye damu. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo katika jamii ambamo kuhara damu kunakosababishwa na amiba au bakteria ni jambo linalofahamika, kwa sababu familia humnunulia mzee dawa dukani na kusubiri, ilhali dawa za kufunga choo zinaweza kumzidishia madhara. Mzee mwenye maumivu na damu ya namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Upande wa kulia unapoathirika, maumivu yanaweza kuwa makali bila damu kuonekana, na sura hiyo ndiyo yenye vifo vingi zaidi.

Hospitalini, skani ya CT huonyesha ukuta uliovimba, na kolonoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, huonyesha utando wa ndani ulivyoathirika. Wagonjwa walio wengi hupona bila upasuaji, kwa kupumzisha utumbo, kuongezewa maji kwa dripu, kupewa antibiotiki inapohitajika na kusitishiwa dawa zinazobana mishipa. Nafuu huanza kuonekana ndani ya siku moja au mbili. Tumbo likikakamaa, homa ikipanda au shinikizo la damu likiporomoka, huenda utumbo umeanza kufa au kutoboka, na daktari wa upasuaji hulazimika kuiondoa sehemu hiyo bila kukawia. Aliyepona arudi kupimwa iwapo wiki au miezi kadhaa baadaye choo kitakuwa kigumu kupita na tumbo kujaa, kwa kuwa kovu linaweza kuwa limeibana njia.