Kamati Imekataa au Wamekataa?

Hebu nianze na kisa changu mwenyewe. Nikiwa katibu wa kamati ya chama chetu, niliandika hivi katika kumbukumbu za mkutano: "Kamati wamekataa ombi la kuahirisha mashindano ya mashairi." Nilipozisoma katika mkutano uliofuata, mwanakamati mmoja aliruka: "Wamekataa akina nani? Mimi sikukataa!" Mwalimu mlezi naye akaipigia sentensi yangu mstari mwekundu. Nikaona ati ninaonewa. Kwani kamati si watu?

Ni watu, ndiyo, lakini neno lenyewe halimtaji mtu. Sote tumefunzwa kwamba viumbe wenye uhai huingia ngeli ya A-WA hata jina likianza kwa ki-: kijana amekuja, kipofu ameketi, kiboko amezama. Basi tukisikia "kikosi cha askari" twakimbilia "wamefika". La! Kijana huvuta pumzi. Kikosi hakivuti, askari wake ndio wavutao. Kikosi ni jina la mkusanyiko, nacho hubaki katika ngeli yake: kikosi kimefika, umati umetawanyika, genge la wezi limenaswa, timu imefungwa. Hata bumba la nyuki limehama, ijapokuwa kila nyuki ana uhai wake.

Kazi huwa pale sentensi inaporefuka. "Kikosi cha askari waliovaa kofia nyekundu kilipita." Waliovaa ni askari, kilichopita ni kikosi. Wengi wetu tukishatamka "waliovaa" hukisahau kikosi, tukamalizia "walipita".

Huenda Kiingereza nacho chatuponza. Waingereza hukubali kitenzi cha umoja au cha wingi kwa neno kama timu, ingawa Wamarekani kwa kawaida hushika umoja. Hata sisi uwanjani hupiga kelele, "Timu yetu wameshinda!" Mimi simo katika wanaokataza hilo. Lakini mtahini hayuko uwanjani.

Kumbukumbu zangu nilizirudia. "Wanakamati wote wamekataa" ingemhusisha kila mmoja. "Kamati imekataa" yasema uamuzi ni wa kamati, hata kama kuna aliyepinga. Basi nikaandika: "Kamati imekataa ombi hilo; mwanakamati mmoja alipinga uamuzi huo." Mwenzangu aliisoma mara mbili, kisha akaniambia haya, tuendelee na ajenda ya pili.