Mbwa wa Pavlov

Katika nchi ya Urusi alikuwapo bwana mmoja mwenye elimu, jina lake Ivan Pavlov, aliyezaliwa mwaka 1849 akafa mwaka 1936. Alikuwa akichunguza jinsi chakula kisagwavyo tumboni, akafuga mbwa wengi kwa kazi hiyo. Siku zilipopita akaona ya kuwa mbwa hudondokwa na mate kabla ya kuonja kitu, asikiapo tu nyayo za yule amleteaye chakula. Basi akaanza kuwafundisha. Huliza chombo kigongacho kama saa, mara huleta chakula. Akafanya hivyo tena na tena, hata mbwa akisikia mlio peke yake mate humtoka.

Walakini wanafunzi hao hawakuwa sawa. Walikuwapo wachangamfu, warukao huku na huku wakimlaki kila mtu. Mtu angedhani hao ndio watakaojifunza upesi. Kumbe, walipofungwa mikanda jukwaani na kusikilizishwa mlio ule ule mmoja, walisinzia! Hao walitaka somo lenye mambo mbalimbali. Mwingine alikuwa mwoga, hunyemelea kandokando ya ukuta, mkia katikati ya miguu. Huyo, alipokwisha kuizoea nyumba na watu wake, alishika somo barabara. Tena alikuwapo mmoja asiyekubali kufungwa kabisa, akishindana na mikanda kila siku. Huyo alipewa chakula chake chote pale jukwaani, asipate penginepo, mpaka akatulia. Kazi hiyo ilitaka saburi nyingi.

Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika. Maji yakaingia mjini Leningrad, ambao sasa huitwa St. Petersburg, yakafika hata vibandani mwa mbwa. Watu wakawatoa kwa shida, wakawaogelesha hata nyumba kubwa, wakawaweka orofani.

Maji yalipopungua, masomo yakaanza tena. Mbwa wengine walikuwa kama kwanza. Bali mmoja alikuwa amepotewa na yote: mlio ulilia, mate hayakutoka, na chakula alikikataa, ijapokuwa alikuwa na njaa. Basi mwalimu wake akaingia chumbani akaketi karibu naye, na kwa siku nyingi yale aliyojifunza yakamrudia kidogo kidogo. Kisha, kwa kumjaribu (na jaribio hilo lilikuwa kali), maji machache yakapitishwa chini ya mlango. Mbwa akashtuka, akahema, akatafuta njia ya kushuka jukwaani. Na somo likampotea mara ya pili.