Gari Likichemsha Kitonga, Simama

Wadogo zangu, leo najibu barua moja tu, kwa sababu imeniuma.

Mwenzenu alitoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwenye msiba, na gari lake kuukuu. Baba mdogo wake amekaa mbele, mama wakubwa wawili wako nyuma. Walipoanza kupanda Kitonga, mshale wa joto ukasogea juu. Akataka kusimama. Baba mdogo akasema, "Kaza tu, tutafika, watu wanatusubiri kuzika." Akakaza. Kabla hawajamaliza mlima, gari likatoa moshi mweupe, likazima. Fundi anasema gasketi ya silinda hedi imeungua. Nyumbani wanasema mtoto wa kike hajui gari. Anauliza: aliuze?

Pole, mdogo wangu. Pole ya msiba, na pole ya maneno. Ulichokiona kwenye dashibodi ulikiona sawasawa, na ulikuwa na haki ya kusimama. Hilo nalisema kabla ya habari za gari lenyewe, maana kwa maoni yangu kilichoua injini yako ni haraka ya waliokuwamo, si uzee wake.

Kitonga haina huruma. Unatoka Ruaha Mbuyuni kwenye joto la bondeni, mara unaanza kupanda mlima mkali wenye kona, nyuma ya malori yanayojikongoja. Upo gia ndogo, injini inafanya kazi kwa nguvu zote, na kwa mwendo ule upepo unaopita kwenye rejeta ni mchache. Rejeta iliyoziba kwa kutu, feni iliyochoka au mpira wa maji wenye ufa haukukusumbua kule Chalinze kwenye tambarare. Hapa utakusumbua.

Mshale ukipanda kupita pale ulipozoea kukaa, zima kiyoyozi. Washa hita, hata kama mtalowa jasho, kwa kuwa hita huondoa sehemu ya joto la injini. Tafuta mahali papana usimame. Ukiendelea, silinda hedi, ambayo kwenye magari mengi ni ya aluminiamu, hupinda, gasketi hushindwa kuziba, na maji huweza kuingia kwenye oili. Tena kuna jambo linalowaponza wengi: maji yakiisha kabisa, mshale unaweza kushuka, kwa sababu kipima joto hakiguswi tena na maji. Ukiuona umeshuka ghafla wakati gari lilikuwa linachemsha, usifurahi. Simama.

Sasa tuje kwa baba mdogo. Sisi tumelelewa kutobishana na wakubwa, na sikuombi uanze leo. Lakini usimuulize, "Baba, tusimame?" Ukiuliza, umemkabidhi usukani mtu aliyekaa pembeni. Mwarifu, huku indiketa imeshawaka: "Baba, samahani sana, gari linachemsha, nasimama hapo mbele. Nikilazimisha hatutafika kabisa." Kisha mwombe awapigie waliopo msibani awaeleze. Simu hiyo ikipigwa na mkubwa, msiba utasubiri au utaendelea kwa amani, na yeye atakuwa amekusaidia badala ya kukusukuma.

Mkishasimama mlimani, vuta hendibreki na uweke jiwe nyuma ya tairi. Washa taa za tahadhari. Pembetatu za kuakisi mwanga zipeleke mbali nyuma, na kama umesimama baada ya kona, ziweke kabla ya kona hiyo, kwa sababu lori linaloshuka au kupanda Kitonga halisimami kwa hatua tatu. Abiria wote washuke wasimame nje ya barabara, pamoja na mama wakubwa, hata wakisema miguu inauma. Mkiondoka, toeni mawe yote mliyoweka. Jiwe lililosahauliwa barabarani usiku huua mwendesha pikipiki.

Kifuniko cha rejeta msikiguse. Maji ya mle ndani yamebanwa kwa presha na joto lake linaweza kupita nyuzi 100 bila kutokota. Ukifungua tu, yanaruka usoni. Ngojeni nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono. Ndipo mfungue polepole kwa kitambaa kinene na kuongeza maji kidogo kidogo. Maji ya baridi mengi kwa mkupuo yanaweza kupasua injini iliyo moto.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi ni tofauti. Barabara hiyohiyo ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na kuna tembo, nyati na simba. Pale kaeni ndani ya gari na mpige simu kuomba msaada, isipokuwa mkiona moto. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kuhusu kuuza: usiuze kwa hasira. Mwambie fundi asibadilishe gasketi tu, hedi ipelekwe ikapimwe kama imepinda na isawazishwe. Akitaka kung'oa themostati aitupe akidai nchi yetu ni ya joto, mkatalie, aweke mpya. Rejeta izibuliwe, mipira ya maji na feni belti vikaguliwe, kulanti iwekwe badala ya maji matupu. Gharama yote ikizidi nusu ya thamani ya gari, hapo liuze, na mnunuzi umweleze ukweli.

Nanyi baba wadogo na mama wakubwa mnaosoma ukurasa huu, nawaomba: binti yenu akishika usukani na kusema anasimama, mjibuni, "Sawa mwanangu, simama."