Tulilelewa na Wenzetu: Mafunzo ya Mtoto wa Saba

Tulizaliwa kumi, tukakua kumi, jambo ambalo Mama mpaka leo hulitaja kwa sauti ya chini, maana hapendi kulitangaza. Mimi ni wa saba, na katika wasichana ni wa tatu. Kwetu ni Upare ya Kusini, wilaya ya Same, upande wa milima unaokitazama kilele cha Shengena, na ni Walutheri tangu enzi za babu.

Watu wakisikia familia kubwa ya Kikristo huwaza watoto waliopangwa kwa urefu, wamevaa soksi nyeupe, wanaimba sauti nne. Kuimba tuliimba. Soksi hatukuwa nazo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vya Kagera vimekwisha na uchumi umelala: sukari kwa foleni, nguo zikifuliwa kwa majani ya mpapai sabuni ikikosekana, na ugali wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada uliopewa jina kwa rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Wazazi wenye watoto kumi, kahawa, tangawizi na ng'ombe hawana muda wa kumketisha mtoto mmojammoja na kumfunza. Baba na Mama walitunga sheria chache, wakatuachia tuzisimamie wenyewe. Kwa hiyo mengi niliyojifunza utotoni nilijifunza kwa mikono ya watoto wenzangu, na baadhi ya mikono hiyo ilikuwa na makofi.

1. Anayegawa huchukua mwisho

Nyama tulikula kwa nadra: Krismasi, Pasaka, mgeni wa maana, au ng'ombe wa jirani akianguka korongoni. Siku hiyo nyama zililundikwa katikati ya sinia na hakuna aliyezigusa mpaka ugali uishe. Kisha kaka yetu wa tatu alizigawa. Sheria ya Mama ilikuwa fupi: mgawaji huchukua mwisho, na kitindamimba huchagua kwanza. Hakuongeza hata neno moja juu ya haki. Sheria yenyewe ilimfanya kaka apime vipande kama karani wa chama cha ushirika anayepima kahawa, akigeuza mfupa huku na huku, akikata kinofu hapa na kukiongeza pale, maana alijua kinachobaki ndicho chake.

Sala ya chakula nayo ilikwenda kwa zamu, na ilikuwa na ujanja wake. Mdogo wangu anayenifuata aliomba sala ndefu kupindukia, akitaja wagonjwa, wasafiri, maaskofu na mashangazi wote, jicho moja likiwa wazi kulinda upande wake wa sinia. Aliyemfuata alisema "asante Bwana, amina" na tonge la kwanza likawa tayari limeingia kinywani. Mama akaongeza kifungu kimoja tu: anayeomba ananawa baada ya wengine wote. Kuanzia hapo sala zikawa za urefu wa kadiri.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya watu wazima wenye digrii ambako mgawaji huchukua kwanza, kisha wanashangaa kwa nini hesabu hazikai sawa.

2. Kila mkubwa ana wa kwake

Mtoto alipoachishwa ziwa, Mama alimkabidhi kwa mmoja wa wakubwa. Kaka wa kwanza alikuwa na wake, Dada Mkubwa alikuwa na wake, na kuendelea. Wa kwako ni wa kwako: unamwogesha, unamtoa funza, unamvusha mto, unampeleka shule ya Jumapili na kumrudisha akiwa na viatu vyote viwili, kama alikuwa navyo. Mama hakuuliza "watoto wako wapi?" Alikuuliza wewe: "Wa kwako yuko wapi?" Na ole wako uwe hujui.

Mimi nilikuwa wa Dada Mkubwa. Herufi nilizijulia kwake kabla ya darasa la kwanza, kwa kijiti kwenye vumbi la uani huku akipepeta mahindi ya makande. Kushona kifungo, kuwasha moto kwa kuni mbichi, kutembea usiku bila kukimbia, vyote vilitoka kwake. Aliponipeleka kanisani aliniweka upande wa ukuta nisitoroke, na mahubiri yakirefuka alinipa ncha ya kanga yake niifunge mafundo na kuyafungua. Nikiulizwa imani yangu ilianzia wapi, siwezi kwa kweli kumtaja mchungaji yeyote.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Wavulana walikabidhiwa mtoto mmojammoja, na wakiingia sekondari mtoto alihamishiwa kwa mwingine. Kila mara aliyehamishiwa alikuwa Dada Mkubwa. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa na watatu, mimi nikiwamo. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali, na ada ya shule ya binafsi ikapatikana mwaka uliofuata, kwa ajili ya kaka. Nyumbani jambo hilo halikuwahi kujadiliwa. Lilichukuliwa kuwa la kawaida, na mimi nililichukua hivyo hivyo mpaka nilipopata watoto wangu na kumlipa mtu wa kuwatunza.

3. Siri za kitanda hazitoki kitandani

Tulilala wanne kitanda kimoja, mzungu wa nne, juu ya gunia lililojazwa majani makavu ya migomba. Mmoja wetu alikuwa kikojozi. Simtaji, maana sasa ni mtu mzima mwenye cheo. Asubuhi tulianika gunia wote wanne, tukasema ni kunguni. Baba alinunua dawa ya kunguni kwa fedha yake mwenyewe mara kadhaa.

4. Maji hayana dhehebu

Upare ni nchi ya ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kukinga maji ya kijito: jioni huzibwa, usiku kucha maji hujaa, asubuhi huzibuliwa, na maji hushuka kwa mifereji mpaka mashambani. Kila kaya ina zamu yake. Usipofika kwenye zamu yako maji yanakwenda kwa mwingine, na usipofika kwenye msaragambo wa kuzoa matope ya ndiva unatozwa faini. Sisi watoto ndio tuliotumwa alfajiri kufuata mfereji, kuhakikisha hakuna aliyetoboa njiani.

Jirani zetu walikuwa Wasabato. Kanisa lao lilifika Upare mwaka 1903, likaanzia Giti, kule Mamba, nao wamisionari wa Leipzig walikuwa tayari wanahubiri kwenye milima hiyo hiyo. Kwa hiyo kwenye mfereji mmoja una Walutheri na Wasabato, na zamu haichagui siku. Baba na mzee wa nyumba hiyo walikuwa na mapatano yaliyodumu miaka: zamu yao ikiangukia Jumamosi tunachukua sisi, yetu ikiangukia Jumapili wanachukua wao. Jumamosi tulikuwa kwenye matope na majembe, watoto wao wakipita wamevaa nyeupe kwenda kusali. Kesho yake tulipita sisi, wao wakiwa matopeni, na kila upande ukiurushia mwingine maneno.

Ubishi wetu ulikuwa wa kitheolojia. Katika Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, usiibe ni amri ya saba. Kwa Wasabato ni ya nane, maana wao huhesabu ile ya sanamu peke yake, na ya kutamani huiacha moja tu, wakati sisi tunaigawa mara mbili. Siku moja tuliiba miwa kwa bwana mmoja, sisi wanne na wao watatu, tukaketi juu ya mwamba tunaitafuna huku tukigombana vikali kama tumevunja ya saba au ya nane. Mwenye miwa alitukuta bado hatujafikia mwafaka.

Lakini adhuhuri ya Sabato ilikuwa na neema yake. Hawakupika siku hiyo. Walikula makande yaliyochemka Ijumaa, na kila Mpare anajua kwamba makande yaliyolala, yakipashwa kidogo na kuwekewa maziwa mgando, hayana mshindani. Tulikuwa na sababu nyingi za kupita kwao kila Jumamosi mchana. Nilikuwa mkubwa nilipogundua kwamba mama wa nyumba ile alikuwa akipika sufuria ya Ijumaa kwa idadi ya watoto wa nyumba mbili.

5. Sadaka ikitoka, imetoka

Kaka niliyemfuata alikuwa na jogoo aliyemlea tangu kifaranga, mwekundu, mwenye kibri. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, Mama akasema jogoo ndiye atakwenda kuwa sadaka. Kaka hakubisha na Mama. Aliitisha mkutano chini ya mparachichi: tuchange fedha zetu za kuuza parachichi, twende mnadani, tumnunue.

Baada ya ibada vitu hutolewa nje na kunadiwa: mikungu ya ndizi, mayai, miwa, mbuzi akiwepo. Mzee wa kanisa mwenye sauti kuliko wote ndiye mnadi. Kaka alisimama mbele na sarafu zetu kwenye leso. Alitaja bei. Mjomba wetu, ambaye hakujua lolote, akaongeza kwa utani kumchangamsha mpwawe. Mwalimu mmoja akaongeza juu yake. Leso ikaisha nguvu hapo hapo. Kisha aliyeshinda akafanya linalofanyika sana minadani kwetu: akalipa, akamrudisha jogoo kwa Bwana, anadiwe tena. Kaka akapumua. Awamu ya pili bei ilianzia juu kuliko ile ya kwanza ilipoishia.

Jogoo alinunuliwa na mwalimu, akaliwa wiki hiyo hiyo, na kaka alikaa kwenye dawati la mbele la mwalimu huyo mwaka mzima. Sarafu za leso Mama alisema zitiwe kwenye kapu la sadaka, kwa kuwa zilishafika kanisani. Mpaka leo naona hapo alizidisha.

6. Kesi huisha kabla ya ugali

Wapare tunasemwa nchi nzima kwa kupenda kesi, eti tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Baba alikuwa na dawa. Alilichukua kwa uzito neno la Yesu la kuiacha sadaka madhabahuni kwanza ukapatane na ndugu yako, akaligeuza kuwa sheria ya jioni: pasipo na amani hapaombwi, na pasipoombwa hapaliwi.

Basi ukigombana na ndugu yako saa kumi, saa moja jioni sinia limefunikwa, watu kumi wanawatazama ninyi wawili. Hakimu hakuwa Baba. Walikuwa wale wanane wenye njaa. "Mwombe msamaha bwana, ugali unapoa." "Na wewe mkubali, unajifanya nani?" Msamaha ulipatikana kwa kasi ambayo hakuna mahakama imewahi kuifikia. Ulitoka moyoni? Mara nyingi hapana, ulitoka tumboni. Nimesoma vitabu vya malezi vinavyosema mtoto asilazimishwe kuomba radhi. Labda. Ninachojua ni kwamba wale niliowaomba radhi kwa njaa ndio ninaowapigia simu kwanza nikipata shida.

7. Shamba liligawanywa kwa sheria nyingine

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sitaificha kwa kuwa wazazi wangu ni watu wema.

Baba alipozeeka aligawa ardhi. Wavulana sita, vipande sita. Wasichana wanne hatukutajwa, kwa hoja ambayo kila mtu anaijua: sisi tutaolewa, tutakuta ardhi huko. Kaka yule yule aliyekuwa akikata nyama kwa uangalifu alichukua kipande chenye mfereji, na alichukua kwanza. Hakuna aliyekumbuka sheria ya sinia. Ilionekana kwamba sheria ile ilikuwa ya nyama tu.

Sheria ya nchi imelisema jambo hili wazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Lakini sheria haiji yenyewe milimani. Lazima mtu aibebe. Sisi dada watatu tuliosoma tuna vibarua vyetu mjini. Dada Mkubwa mume wake alifariki, akarudi nyumbani, na anapanda tangawizi kwenye kipande cha kuazimwa, mali ya mdogo wake aliyemtoa funza kwa mikono yake.

Tukaitisha kikao Desemba, wote kumi, kwa kalenda na ajenda. Nikasema mambo ya mwaka 1999. Kitindamimba, ambaye siku zote alichagua nyama kwanza, akasimama, akasema anatoa robo ya kipande chake. Wa tano akafuata. Wawili wakasema watafikiri. Dada Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hataki robo za huruma zilizotawanyika kwenye milima mitano. Anataka kipande kimoja, chenye zamu ya maji, na hati yenye jina lake.

Hapo kaka wa tatu akasema tusilete mambo ya mjini. Sinia likaletwa, likafunikwa, na Baba, ambaye sasa haoni vizuri, akauliza kama kesi imekwisha. Tukamwambia bado. Akasema basi tusubiri. Tulikaa mpaka saa nne usiku, watoto wetu wakilalamika, na kaka wa tatu akakubali mpimaji aje kwanza. Mpimaji amekwisha kuja. Mpaka wa upande wa mfereji bado una ubishi wa hatua chache, na kikao kingine kimepangwa Pasaka.