Usiukate Mti Uliochelewa Kutoa Majani

Ndugu mkulima, mara nyingi mtu huja ofisini na malalamiko haya: "Nilipanda mti wa plamu na mti wa tufaha siku moja, katika udongo mmoja, kwa samadi ile ile. Ule wa plamu umevaa majani tele. Ule wa tufaha umesimama kama fimbo kavu. Jirani ananiambia umekufa, niukate uwe kuni."

Somo la mwezi huu ni jibu la neno hilo. Usishike shoka kwanza. Chukua kisu kidogo, ukwangue gome la tawi. Ukiona rangi ya kijani chini yake, mti u hai. Umelala tu.

KWA NINI MTI HULALA

Miti hii asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali. Huko maji huganda, na jani changa likitokea wakati huo hufa. Basi mti hudondosha majani, hufunga macho yake na kulala.

Lakini utajuaje wakati wa kuamka? Siku chache za jua katikati ya baridi zaweza kuudanganya. Kwa hiyo mti huweka hesabu. Kwanza huhesabu baridi. Mpaka kiasi chake kitimie, macho hayafunguki vizuri hata jua likiwaka. Kisha huhesabu joto. Hesabu hiyo ya pili ikitimia, majani hutoka.

KILA MTI NA HESABU YAKE

Tutazame Uingereza. Mwaka 1736 mwenye shamba mmoja wa Norfolk, jina lake Robert Marsham, alianza kuandika dalili za kuisha kwa baridi, pamoja na tarehe ambayo kila aina ya mti ilitoa majani. Jamaa zake waliiendeleza kazi hiyo mpaka 1958. Miti haiamki pamoja. Mti mdogo wa miiba uitwao hothoni hutangulia, mara nyingi mwezi wa Machi. Mti wa bichi hufuata mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Mti wa ashi mara nyingi huwa katika wa mwisho kabisa.

Bichi ni mti mkubwa wa msituni, wenye gome laini la kijivu, nao una hadhari kuliko mingi. Huhesabu baridi, huhesabu joto, na tena hupima urefu wa mchana. Joto likija mapema, miti mingine hukimbilia kutoa majani. Bichi hungoja mchana urefuke. Ndiyo sababu tarehe yake haibadiliki sana mwaka hata mwaka. Huo si uvivu. Jani lake changa halivumilii sakitu, yaani umande ulioganda, na usiku mmoja waweza kuyaunguza majani yote mapya.

TURUDI SHAMBANI

Kwetu, karibu na ikweta, mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Tufaha halijali sana urefu wa mchana; hesabu yake kubwa ni ya baridi. Aina nyingi kutoka nchi za baridi hutaka saa 800 hadi 1,000, au zaidi, za baridi iliyo chini ya digrii 7 za sentigredi. Usiku wa Julai milimani ni baridi, lakini jua likipanda, joto la mchana laweza kufuta sehemu ya hesabu ya usiku. Basi mti huchelewa, kisha hutoa majani nchani mwa matawi tu, na ubavuni hubaki uchi. Maua nayo hutoka machache machache.

Plamu ziitwazo za Kijapani, na baadhi ya pichi, hutosheka na baridi kidogo. Ndiyo maana hutangulia. Lakini anayetangulia ana hatari yake: maua yakikutwa na sakitu, mavuno yamekwenda. Penye sakitu, kama Kinangop, panda miti hiyo mtelemkoni, wala si bondeni, maana hewa baridi huteremka kama maji.

YAFAAYO KUFANYA

1. Kabla ya kununua mche, uliza jina la aina na saa za baridi inazotaka. Tufaha liitwalo Anna, lililotoka Israeli, hutaka kama saa 200 hadi 300 tu. Lipande karibu na Dorsett Golden, lililotoka Bahama, ili maua yapate kupeana chavua. Mwenye kitalu asiyejua jina la mche wake, mwachie mche wake.

2. Mti wenye afya usiodondosha majani yake, uyaondoe wewe kwa mkono, kama mwezi mmoja baada ya kuvuna. Usiyaumize macho. Kisha tia samadi na maji. Wakulima wa Batu, katika kisiwa cha Java, Indonesia, hufanya hivyo, nao huvuna matufaha mara 2 kwa mwaka.

3. Matawi yaliyosimama wima yainamishe kwa kamba na kigingi mpaka yakaribie kulala. Macho ya ubavuni yatafunguka zaidi.

4. Ikiwa umerithi mti wa zamani utakao baridi nyingi, usiung'oe. Mizizi yake ni mali. Mwombe bwana shamba akuonyeshe kupandikiza juu yake vikonyo vya aina itakayo baridi kidogo.

5. Weka daftari. Andika tarehe ambayo kila mti ulitoa jani la kwanza na ua la kwanza. Baada ya miaka 3 utajua upi ni mchelewaji na upi ni mgonjwa.

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Lakini mkulima avumiliaye yampasa ajue anangoja nini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Utajuaje kama mti usio na majani u hai?
2. Bichi hupima mambo gani 3 kabla ya kutoa majani?
3. Kwa nini plamu ya bondeni yaweza kukosa matunda?