Habari ya Rovu, na Faida ya Chumvi Yenye Madini Joto

Leo nataka kuwaeleza kidogo habari ya rovu, yaani ule uvimbe wa shingo ambao watu wa milimani waujua sana, hata wengine wameuzoea kama mtu azoeavyo moshi wa jiko lake. Nayo sababu ya kuandika ni hii.

Siku moja nilikuwa nimekaa barazani katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, nikiandika majina ya watoto wa kuingia shule. Akaja mzee mmoja, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka minane. Nyuma yao alikuja mama wa mtoto, amejifunga kitambaa shingoni ili kuficha rovu lake. Nikamwuliza mtoto jina, asijibu. Mzee akasema, "Karani mwanangu, huyu hasikii wala hasemi tangu kuzaliwa. Mwandike tu, labda mwalimu atamfungua ulimi." Watu waliokaa karibu wakanong'onezana kwamba ukoo ule una deni la mizimu: bibi alikuwa na rovu, mama analo, na sasa deni limemfikia mtoto.

Nikaliandika jina lake. Walakini neno lile la deni lilinichoma moyoni, nami nikaenda kwa daktari wa zahanati kumwuliza. Akanijibu ya kuwa hawezi kusema kwa yakini sababu ya uziwi wa mtoto ambaye hajampima. Lakini katika nchi yenye rovu nyingi, watoto wa namna ile huzaliwa wengi zaidi kuliko kwingine, na sababu yake yajulikana. Aliyonifundisha, na niliyosoma baadaye, ndiyo haya.

ROVU NI NINI. Mbele ya koo, chini ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Uzito wake kwa mtu mzima ni kama gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza maji maji yaingiayo katika damu na kuamrisha mwili: moyo upige kwa kadiri gani, chakula kigeuzwe nguvu kwa upesi gani, mtoto akue namna gani, na ubongo wake ujengwe vipi. Ili kufanya kazi hiyo tezi yahitaji iodini, ambayo madukani kwetu huitwa madini joto. Ikikosa iodini hujitahidi kupita kiasi, nayo hukua, kama mtu mwenye shamba lisilo na rutuba aongezavyo eneo la kulima ili apate mavuno yale yale. Kukua huko ndiko rovu.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mama mwenye mimba 250. Fikirini: gramu moja tu ya iodini ingemtosha mtu mzima kwa miaka 18. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya miaka yote hiyo, basi ni lazima kuipata kidogo kidogo siku zote.

KWA NINI MILIMANI. Iodini imo katika udongo, na mvua huiosha na kuichukua mpaka mitoni, na mito huipeleka baharini. Palipo na miteremko mikali na mvua nyingi, udongo hubaki hauna kitu. Mahindi yaotayo hapo hayana iodini ya kutosha, wala mboga, wala maziwa ya ng'ombe alaye majani ya hapo. Bibi, mama na mtoto hula chakula cha shamba moja, ndiyo maana rovu laonekana kama urithi wa ukoo. Kweli mambo ya damu huweza kuzidisha ugonjwa, lakini palipo na rovu kijiji kizima, mdaiwa wa kwanza ni udongo, wala si mizimu.

Tena chakula chenyewe chaweza kuongeza taabu. Muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri una sumu ambayo, ikiisha kugeuzwa mwilini, huizuia tezi isipate iodini. Jambo hili lilichunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo. Basi muhogo huo umenywe, ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, kisha uanikwe hata ukauke kabisa.

HASARA ILIYO KUBWA. Watu wengi hudhani hasara ya rovu ni ubaya wa shingo tu. Sivyo. Shingo ni kama moshi uonekanao juu ya paa. Moto umo ndani ya nyumba. Mama akipungukiwa na iodini wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haujengwi sawasawa. Mimba yaweza kuharibika, au mtoto kuzaliwa amekufa. Pengine huzaliwa kiziwi, bubu, mwenye miguu migumu na akili pungufu. Wengine huonekana wazima kabisa, ila darasani huwa wazito wa kufahamu, na mwalimu huwapiga kwa uvivu ambao si wao. Na madhara ya ubongo yaliyopatikana tumboni, dawa ya baadaye haiyaondoi. Ndiyo maana nasema kazi yote ni ya kuzuia kabla.

MFANO WA USWISI. Msidhani ugonjwa huu ni wa Waafrika tu. Uswisi, nchi ya milima ya Ulaya, ilikuwa na rovu nyingi mno, na mabubu na viziwi wengi vijijini. Iodini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, katika majivu ya mwani. Mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wenye rovu. Wengine walipona, lakini wengine walidhurika kwa sababu vipimo vilikuwa vikubwa, hata watu wakaiogopa. Ikapita karibu miaka mia. Mwaka 1918 daktari wa milimani, jina lake Otto Bayard, akachanganya iodini kidogo sana katika chumvi, akaipeleka katika kijiji cha Grächen. Rovu zikapungua, wala hakuna aliyedhurika. Tangu 1922 chumvi hiyo ikaanza kuenea Uswisi, na watoto waliozaliwa baadaye hawakupatwa tena na vilema vile. Udongo wa Uswisi haukubadilika. Kilichobadilika ni chumvi.

Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizopatwa sana waligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, na katika miaka ya 1990 ikaamriwa kwa sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Rovu zimepungua sana. Lakini hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa watu wakiisha kutoona ugonjwa husahau dawa. Mtu huona chumvi ya gunia, isiyotiwa kitu, ni rahisi kwa senti chache, akainunua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu ni akili ya mtoto, ambao hakuna fundi awezaye kuujenga tena.

Basi yafaa tushike haya:

1. Nunueni chumvi iliyofungwa katika pakiti, iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Msidanganyike kwamba chumvi ya bahari yatosha yenyewe. Ikianikwa juani hubaki na iodini kidogo sana. Hata Unguja na Pemba, walipo katikati ya bahari, watoto wenye rovu walionekana.

2. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Msiioshe. Itieni chunguni chakula kikikaribia kuiva.

3. Msizidishe chumvi kwa kutafuta madini. Kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula vyote, ndio mpaka wa mtu mzima. Ikizidi huleta ugonjwa wa shinikizo la damu.

4. Kuleni samaki wa baharini mkiwapata, na mayai na maziwa. Kuleni pia maharage, mboga za majani na nyama, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa na madini ya chuma tezi yake haitumii iodini vema. Kabichi iliyopikwa, kwa kiasi, haina neno.

5. Msinywe kamwe iodini ya kupaka vidonda. Wala msinunue vidonge vya madini au vya mwani bila shauri la daktari. Iodini ikizidi nayo huiharibu tezi, hasa kwa mtu mwenye rovu la siku nyingi: moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda.

6. Si kila uvimbe wa shingo ni upungufu wa iodini. Mwenye uvimbe mgumu, au ukuao upesi, au uzuiao pumzi au kumeza, na aende hospitali mara moja. Kadhalika yule asikiaye baridi na uchovu siku zote, ngozi ikikauka na sauti ikiwa nzito.

Ninyi wakubwa wa vijiji, tazameni chumvi iuzwayo katika masoko yenu. Nanyi walimu, iko dawa ya kupimia ambayo tone lake moja huigeuza chumvi yenye madini joto kuwa rangi ya zambarau. Iombeni kwa mabwana afya, mkamwambie kila mtoto alete kijiko kimoja cha chumvi ya kwao. Siku ile mtajua nyumba ipi yahitaji kufundishwa.

Nilirudi kwa yule mzee nikamweleza haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Basi mjukuu wangu hatasema?" Sikuweza kumwambia atasema. Nilimwambia ziko shule za viziwi, ampeleke akafundishwe kusema kwa mikono. Tena nilimwambia kwamba mama yake mtoto ana mimba nyingine. Mzee akainuka, akaenda dukani mwenyewe.

Mimi wenu,
Karani wa Milimani